Samli Niliyojipaka Mwenyewe

Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Mayu, mama yangu, nyumbani Rujewa

Mayu, shikamoo. Nimesimama kwanza nikalitamka neno hilo, kama ningekuwa hapo mlangoni kwako, ndipo nikakaa kuandika. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mpunga wa kule mfereji wa pili umeshika, au maji yameishia tena kwa wenzetu wa juu? Na yule ng'ombe mwekundu wa Baba, aliyekuwa hakubali mkono wa mtu mwingine, sasa anamkubali nani? Nilisahau kuuliza kwenye simu, na tangu siku ile nalifikiria.

Mimi mwili ni mzima. Huku baridi imeanza kulegea. Theluji inayeyuka, imebaki pembeni mwa barabara, chafu, kama pumba zilizolowa nyuma ya mashine ya kukoboa. Asubuhi natoka na makoti mawili. Wali wa huku nimeuzoea, ila bado haunukii.

Dada Kulwa, najua ni wewe unayemsomea Mayu. Msomee polepole, na usiruke mahali popote, hata utakapoona ni aibu yangu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mnafungulia sauti ili wote wasikie, nami nashukuru, lakini kuna jambo haliwezi kusemwa mbele ya watu kumi huku mbuzi analia nyuma yao. Barua hii inakuja kwa mkono wa binti yule wa Mbeya anayesoma huku, ambaye Januari aliniletea chupa ya samli.

Mayu, uliniuliza, "Ulipakwa?" Nikajibu, "Nilipakwa, Mayu." Ukauliza, "Na nani?" Nikasema na Mtanzania mmoja, mkubwa kwangu. Ukauliza kama nilimshukuru, nikasema nilimshukuru. Ukafurahi. Nikakusikia ukiwageukia watu ukisema, "Shija naye ametoka msibani kama wenzake."

Haikuwa hivyo. Nilijipaka mwenyewe.

Najua desturi ya upande wa Baba. Aliyefiwa hajipaki, na mdogo hampaki mkubwa. Anakaa mkavu mpaka siku inapotajwa, ndipo mtu aliyemtangulia kuzaliwa anampaka samli mikononi na usoni, naye anarudi kwa watu. Tangu Baba afariki mpunga ukipandikizwa, sikugusa mafuta. Mikono yangu ilipasuka kwa baridi mpaka ikatoka damu kwenye vifundo, sikupaka kitu. Hilo nililitunza vizuri. Lakini siku ilipofika, Jumatano ile mliyokaa wote uani kwetu na Shangazi Kabula akawapaka ninyi, mimi huku sikuwa na mtu. Binti wa Mbeya yuko mbali, safari ya saa nne kwa treni, tena ni mdogo. Nikasema moyoni, bora mkono wangu kuliko kukosa kabisa, na nisiachwe peke yangu nje wakati ninyi mmeingia.

Chupa ilikuwa ile ya dawa ya kikohozi, mmeifunga ndani ya soksi. Samli ilikuwa imeganda. Niliiweka juu ya chuma cha kupashia joto chumbani, ikalainika, na nilipofungua kizibo ikatoka harufu ya moshi wa kibuyu chako. Nilikaa kitandani na chupa ile kwa muda. Kisha nikapaka mikono yote miwili, nikapaka na paji la uso, nikaenda kazini.

Sasa lazima nieleze kazi yenyewe, maana siku zote huwaambia tu kwamba natengeneza miguu ya bandia, nanyi hudhani ni ya mti. Siyo ya mti. Ni nyuzi nyeusi nyembamba, nyembamba kuliko unywele, zimefumwa kama kitambaa. Zinaitwa nyuzi za kaboni. Tunakilaza kitambaa hicho ndani ya kalibu yenye umbo la mguu, tabaka juu ya tabaka, na kukilowesha kwa plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Plastiki peke yake ingevunjika siku ya kwanza. Nyuzi ndizo zinazoipa nguvu, na mguu unapinda mtu akikanyaga, kisha unamsukuma mbele. Yule fundi baiskeli wa Chimala anayetembelea magongo, huwa namfikiria ninapouona mguu uliokamilika.

Lakini nyuzi hizo zikitoka zinakotengenezwa ni laini mno. Plastiki inateleza juu yake. Ukiangalia utadhani vimeshikana, kumbe kila kimoja kipo kivyake. Kwa hiyo kwanza zinapitishwa kwenye beseni la dawa kali inayoukwaruza uso wake, kisha zinapakwa dawa ya pili, utando mwembamba usioonekana, ambao upande mmoja unaushika uzi na upande wa pili unaishika plastiki. Mara ya kwanza nilipoelezwa hayo nilicheka, wakaniuliza nacheka nini. Nilimkumbuka Baba akijenga kihenge cha mpunga. Mnakumbuka hakuwa akisuka fito mpaka ameziparua zote kwa kisu? Mimi na Doto tulichoka kumsubiri, tukamwambia, "Baba, si zinafunikwa na udongo, nani ataona?" Akasema, "Udongo ndio utakaoona." Basi kiwandani kwetu wana beseni zima la kuparua fito.

Beseni hilo ni la Mzee Yosefu. Ana miaka sitini na kitu, anavaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kichwa, na huwa anautafuta ule wa kichwani. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kila asubuhi ananiuliza, "Shija, jua lako umeliacha wapi leo?" Nami namjibu, "Limegoma, linasema hapa halilipwi." Tangu nimefika tunasema hivyo hivyo, na kila siku anacheka kama ni mpya.

Sheria ya chumba changu cha kazi ni moja kubwa: nyuzi zilizokwisha kupita kwenye beseni haziguswi kwa mkono mtupu, na hakuna mtu anayeingia na mafuta ya aina yoyote mikononi. Mafuta yakigusa uzi, dawa yote ya Mzee Yosefu imekwenda bure mahali pale. Mayu, sheria hiyo niliijua. Nimeisikia zaidi ya mara mia. Siku ile nilijiambia nitavaa glavu. Sikufikiri kwamba glavu zenyewe ninazivuta kwa vidole, na vidole vina samli, kwa hiyo samli inakuwa nje ya glavu kabla sijaanza kazi. Tangu Baba afariki mikono yangu ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa mikavu. Siku moja tu niliipaka, kwa ajili ya Baba.

Alhamisi tulijaribu kipande kutoka fungu la Jumatano. Kila fungu la nyuzi linalotoka kwenye beseni hukatiwa kipande kimoja, kinapindwa kwa mashine mpaka kivunjike. Kizuri kinavunjika mara moja, kwa mlio mkali. Hiki hakikulia. Kilifunguka taratibu, tabaka tabaka, kama kitunguu. Msimamizi wetu, Bibi Ana, akakishika, akakitazama, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Yosefu.

"Dawa yako imechoka," akamwambia.

"Niliipima asubuhi."

"Uliipima au uliiona tu?"

Mzee akavua miwani. "Ana, nimelipima beseni hili kabla wewe hujamaliza shule."

"Ndiyo ninalosema. Muda umepita."

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Jioni tukasikia kwamba mkataba wa mzee, uliokuwa unaisha mwezi huo, hautaongezwa. Alipakia vitu vyake kwenye mfuko. Nikamwambia pole. Nilisema pole kama jirani, Mayu, kwa sababu mpaka hapo sikuwa najua.

Nilijua Ijumaa. Bibi Ana alinipa vipande vyote vya fungu lile, nivigonge kwa sarafu na kuzungushia chaki kila mahali penye mlio mfu, ndipo vitupwe. Kazi hiyo napewa mimi kwa sababu wanasema nina sikio. Sikio hilo ni la Baba. Mnakumbuka akipita na kukigonga kihenge kwa kifundo cha kidole, kichwa ameinamisha, akisikiliza udongo ulipoachana na fito? Basi niligonga, nikachora, nikagonga, nikachora. Nilipofika kipande cha tano nikaona duara zangu zote zimekaa pamoja. Mbili pembe hii, mbili pembe ile. Katikati ya kipande mlio ulikuwa mzuri kabisa. Kama dawa ingekuwa imechoka, kipande chote kingekuwa kibovu. Nikaweka dole gumba langu juu ya duara. Likaenea.

Ndivyo ninavyoshika kitambaa ninapokilaza.

Nilikaa pale, chaki mkononi. Ningeweza kwenda wakati ule ule kwa Bibi Ana, milango ilikuwa wazi, yuko hatua ishirini. Sikwenda. Nilifikiri kibali changu cha kuishi huku, ambacho kimefungwa na kazi hii. Nilifikiri kwamba nitalazimika kusema kwa nini nilipaka, na nitalia mbele yao. Maana, Mayu, kazini hakuna aliyejua kwamba Baba amefariki. Sikuwaambia. Niliogopa watanipa siku za kukaa nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja na dirisha linaloangalia ukuta. Nikavipeleka vipande kwenye pipa la takataka, nikafuta chaki kwenye meza.

Jumamosi na Jumapili hatufanyi kazi. Jumapili hiyo ndipo uliponipigia ukaniuliza kama nilipakwa. Sasa unajua nilikuwa katika hali gani nilipokujibu.

Jumatatu nilipofika nikakuta mguu mmoja juu ya meza ya kufungia, umekwisha kuunganishwa, una kikaratasi chenye jina la mwanamke. Mwalimu wa shule ya msingi. Angekuja kesho yake kuujaribu. Mguu ule niliulaza mimi Jumatano asubuhi, ila kwa nyuzi za fungu la juma lililotangulia, ambalo lilikwisha kujaribiwa likaonekana zuri. Kwa kuwa lawama ilikuwa kwenye beseni, hakuna aliyeutilia shaka. Niliugonga kwa ukucha tu, hata sikutafuta sarafu. Kwenye kisigino, mlio mfu. Upande wa pili pia.

Nikauchukua nikaingia nao kwa Bibi Ana. Alikuwa anakunywa chai.

"Huu usiondoke," nikasema. "Na Mzee Yosefu hana kosa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikuja na mafuta mikononi."

Akaweka kikombe chini. "Shija, wewe? Mafuta ya nini?"

Nikamwambia. Kiswahili kisingenitosha, seuze lugha yao. Nilisema baba amekufa, nyumbani siku ile walikuwa wanapakwa mafuta ya ng'ombe ili watoke kwenye msiba, nami sikuwa na mtu wa kunipaka. Akaniuliza baba alifariki lini. Nikamwambia Januari.

"Na umekuja kazini kila siku tangu Januari."

"Ndiyo."

"Na unajua hili la mafuta tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Hapo uso wake ukabadilika. Akasema, "Pole kwa baba yako. Lakini pole yako ni yako, na barua yako ya onyo ni yako. Zote mbili utazipata." Akasimama, akachukua sarafu mfukoni, akaugonga mguu ule mwenyewe mara nne. Kisha akakibandua kikaratasi chenye jina, akakiweka mezani, na mguu akautia kwenye pipa.

Alimrudisha Mzee Yosefu siku hiyo hiyo. Alimpigia simu mbele yangu, akamwomba msamaha kwa kifupi, kama watu wa huku wanavyoomba. Mimi sikufukuzwa. Nimeondolewa kwenye nyuzi kwa miezi mitatu. Nafagia, nafunga mizigo, na barua ya onyo iko kwenye faili langu. Sinung'uniki. Miguu yote niliyoilaza siku ile iligongwa upya, na mwalimu yule akatengenezewa mwingine. Nilimwona alipokuja kuuchukua. Alizunguka chumba mara tatu, akasimama, akasema unambana hapa, wakalegeza, akaondoka. Hakujua kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Lililokuwa gumu ni Mzee Yosefu. Nilimfuata kwenye beseni lake asubuhi aliyorudi, nikamweleza yote mwenyewe, hata kama alikwisha kuambiwa. Alinisikiliza huku akikoroga. Kisha akaniuliza swali lile lile.

"Tangu Ijumaa ulijua?"

"Ndiyo, mzee."

"Ijumaa jioni nilimwambia mke wangu macho yangu yamekwisha. Jumamosi nikampa mtoto wangu ufunguo wa gari, nikamwambia sitaendesha tena." Akaacha kukoroga. "Kazi ningeweza kuikosa, Shija, ninakaribia kustaafu. Lakini umeniacha siku tatu nijione mzee."

Nilisimama pale nikiwa nimeinamisha kichwa kama tulivyofundishwa, naye akadhani nimemaliza, akanigeuzia mgongo. Majuma mawili hakuniuliza jua langu liko wapi. Nilikuwa nikipita na ufagio karibu na beseni lake, ananyanyua miguu nipitishe, hasemi. Mayu, unajua Baba alivyokuwa akikasirika kwa kunyamaza, mpaka mtu unatamani akuchape. Nilikuwa nikimwona yeye pale.

Ijumaa hii iliyopita, tulipokuwa tunavaa makoti, akaja akasimama karibu yangu akitafuta miwani yake. Nikamwonyesha kichwani. Akaivuta, akasema bila kuniangalia, "Jumapili mke wangu anapika. Uje mchana."

Nikasema, "Asante, mzee. Nije na nini?"

"Njoo na njaa. Na usipake kitu mikononi."

Wenzetu waliokuwa pale wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka mwisho kabisa, kidogo, kama anayejaribu mlango uliokuwa umekwama. Nikimaliza barua hii nakwenda. Nimenyoosha shati.

Sasa, Mayu, hiki ndicho ninachokuomba. Uliwaambia watu kwamba mimi nimetoka msibani. Nakuomba uwaambie sivyo. Mwambie Shangazi Kabula kwanza, yeye ndiye mwenye neno. Najua ni aibu kwako kurudia kauli mbele ya ukoo, na najua wako watakaosema ng'ambo imenipoteza. Waseme. Mimi siwezi kukaa huku nikihesabiwa pamoja nanyi kwa uongo. Mkono wangu hauwezi kunitoa, nimeliona hilo kwa macho. Samli iliyobaki nimeifunga, sitaigusa. Likizo yangu ni Agosti. Nitakuja, nitakaa uani mbele ya Shangazi, na kama atakubali, atanipaka yeye. Kama atasema nisubiri zaidi, nitasubiri. Mikono imepasuka tena, lakini baridi inaisha, usihangaike.

Msalimie Shangazi Kabula, mwambie namwogopa na nampenda. Msalimie Dada Doto kule Idodi. Mwambie ule mkeka wake ndio ninaotumia kusalia. Msalimie mjomba anayekamua ng'ombe sasa, kama ndiye yeye. Msalimie mama wa mashine ya kukoboa, na mzee jirani aliyetukopesha maksai mkamlimia Baba shamba la mwisho. Kulwa, wewe sikusalimu kwa kuwa umenisikia tangu mwanzo. Asante kwa kutoruka.

Mayu, jioni mnapokaa kuomba na kuwataja waliofiwa, msiniache kwenye orodha ya waliokwisha kupona. Nitajeni miongoni mwa wanaoomboleza bado. Mnikumbuke hivyo mpaka nije.

Mwanao,
Shija